Hamjambo ya Mtu Mmoja

Walisema Kihispania hakitaniingia. Wa kwanza kusema alikuwa baba mdogo, nyumbani kwake Butiama, siku niliyotangaza kwamba chuo kimoja cha hoteli huko Hispania kimenikubali. Alikuwa amekaa kwenye benchi akinoa jembe, na watu walikuwapo.

"Kihispania?" akauliza. "Wewe huyu huyu? Kiingereza kilikushinda sekondari. Kiswahili chenyewe unasemaga kama mtu anatafuna changarawe. Huko utaenda kuongea na nani, na kuku?"

Watu wakacheka. Jirani mmoja akaongeza kwamba kwa ulimi wangu, unaobadilishana l na r kama watoto wanavyobadilishana viatu, nitaagiza wali niletewe kitu kisicholiwa. Na kwenye hoteli ya watalii karibu na Bunda, ambako wakati huo nilikuwa naosha sufuria, msimamizi wa jiko alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, akasema mwosha sufuria akivuka bahari anakuwa mwosha sufuria wa ng'ambo, basi.

Nimeanza na hao kwa sababu leo nina diploma. Imewekwa kwenye fremu ya kioo, imetundikwa sebuleni kwangu Kigera mahali ambapo mgeni akiingia hawezi kuikwepa. Nafasi ya chuo niliitafuta mwenyewe kwenye kompyuta za kukodi mjini Musoma, nikibonyeza kwa kidole kimoja, na nilipohojiwa kwa simu nilijieleza hadi wakanisamehe sehemu ya ada. Nikijisifu, najisifu kwa changu.

Nauli ndiyo sikuwa nayo, na hapo ndipo watu wangu wanaponishangaza mpaka leo. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenilea kule Mugeta baada ya mama kufariki, alimtoa fahali wake akauzwa mnadani. Fundi cherehani mmoja wa Nyakato alinishonea koti la baridi kwa kitambaa kizito kama blanketi, yeye ambaye theluji hajapata kuiona hata kwenye kalenda. Akasema, "Utanilipa ukirudi, inshallah. Usiporudi, mwenzangu, tutasema ilikuwa sadaka." Na baba mdogo, yule yule aliyenicheka, akatoa mbuzi wake.

"Chukua," akasema. "Nisije nikaambiwa nilikuzuia kushindwa."

Nikaenda.

Mji wenyewe uko kaskazini mwa Hispania, mahali pa mvua isiyokuwa na haraka. Kwetu mvua inakuja na ngurumo, inafanya kazi yake, inaondoka. Ya kule inakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Asubuhi nilisoma lugha pamoja na wageni wengine, mchana nikasoma mambo ya hoteli, na jioni niliosha vyombo kwenye mgahawa mmoja. Naam, niliosha vyombo, msimamizi wangu wa Bunda hakukosea kabisa. Lakini sarufi niliimaliza kabla ya wenzangu wote darasani. Vitenzi vya Kihispania vinabadilika mwisho kufuata mtu, na mtu aliyekulia kwenye lugha inayobadilisha vitenzi mwanzo haoni ajabu. Anageuza tu gari, anaanza kupakia mzigo kutoka nyuma.

Kuna jambo moja tu lililokataa, nalo mwalimu hakulielewa. Wahispania, kama sisi, wana neno la kumuuliza mtu mmoja na neno la kuwauliza wengi. Mmoja unamwambia *¿cómo estás?* Wengi unawaambia *¿cómo estáis?* Tofauti ni herufi moja, ile i ndogo inayojipenyeza katikati. Mimi nilikuwa namsimamisha mtu mmoja, peke yake, hana hata mbwa, namuuliza kwa wingi. Mwalimu akadhani sisikii ile i. Nilikuwa naisikia vizuri sana. Nilikuwa naitia kwa makusudi.

Asiyelelewa kwetu huenda asione sababu. Kule Mugeta mtu akipita njiani, akamkuta mama mkubwa ameinama peke yake kwenye shamba la mtama, hamuulizi hujambo. Anamuuliza "Hamjambo?" Naye anainuka, anashika kiuno, anajibu kwa niaba ya wote: "Hatujambo. Yule wa Tarime kajifungua salama. Huyu mdogo tumbo linamsumbua. Na ndama mmoja anakohoa." Hapo ndipo amejibu. Mtu mzima hana hali yake peke yake. Kumuuliza yeye tu, kana kwamba hakuzaliwa na hakuzaa, tuliambiwa tukiwa wadogo ni ukosefu wa adabu, na tulipofanya hivyo tulirudishwa njiani tukaanze upya kupita.

Basi nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, ghorofa ya tatu, nyumba isiyokuwa na lifti. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele fupi za mvi, na alivaa joho la nyumbani la bluu hadi saa sita mchana. Alikuwa hapendi maneno. Tulipokubaliana bei alinionyesha chumba, akanionyesha bomba la maji ya moto, akanionyesha kidole cha onyo kuhusu bomba la maji ya moto, akaondoka.

Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni, anakata mkate kwa kuukumbatia kifuani, kisu kikija upande wake. Nikasimama mlangoni kwa heshima.

"*¿Cómo estáis?*"

Akageuka akatazama nyuma yake. Palikuwa na jiko na dirisha.

"*¿Quiénes?*" Akina nani?

"Ninyi."

Akainua kidole kimoja, kile kile cha bomba. "Mmoja," akasema. "Mimi ni mmoja. Kwa mmoja unasema *estás*."

Nikamshukuru. Kesho yake nikauliza vile vile. Akarekebisha vile vile. Ikawa ndiyo salamu yetu: mimi naweka ile i, yeye anaitoa, tunakunywa kahawa. Nilijaribu, kusema kweli, kumuuliza kwa umoja. Asubuhi moja nilisema *¿cómo estás?* kama Mhispania kamili, naye akatikisa kichwa kuridhika, lakini mimi chakula hakikushuka. Niliona kama nimemkuta mama mkubwa shambani nikampita bila kumsalimia.

Jumapili moja mvua ilitufungia ndani, nikaamua kumweleza. Kihispania changu kilikuwa bado kinachechemea. Nilikuwa nachanganya neno la "lakini" na neno la "mbwa", ambayo yanafanana isipokuwa r inayoviringishwa, kwa hiyo maelezo yangu yalijaa mbwa wasiohusika. Nikamweleza shamba la mtama. Nikamweleza yule wa Tarime, na mdogo mwenye tumbo, na ndama. Nikamwambia kwetu mtu ni mlango, huulizi hali ya mlango, unauliza walioko ndani.

Hakucheka hata kwa mbwa. Aliosha kikombe chake, akakifuta, akakirudisha kabatini, akaenda chumbani. Nikajua nimeharibu, nikaanza kuhesabu moyoni nani atanipangisha.

Asubuhi yake sikutaka kuuliza tena, lakini mazoea yana ulimi wake. Likanitoka. "*¿Cómo estáis?*"

Kisu kikasimama nusu ya mkate.

"*No lo sé*," akasema. Sijui.

Ndipo nikafahamu kwamba walikuwapo. Alikuwa na watoto watatu. Binti wa kwanza aliishi Barcelona, wa pili Ujerumani, na kitindamimba, mwanamume, aliishi mji ule ule, ng'ambo ya mto, mwendo wa mtu kwenda kununua maziwa. Baba yao alipokufa waligombania nyumba fulani ya shambani, maneno yakasemwa mezani, wakatawanyika. Mabinti walipiga simu sikukuu. Kijana hakupiga kabisa. Haya hakunieleza siku moja, yalitoka kidogo kidogo, asubuhi kwa asubuhi, kwa sababu ile "sijui" ilimkera. Alikuwa mwanamke asiyependa kutojua kitu.

Siku chache baadaye nikamkuta amevaa nguo za kutokea mapema kuliko kawaida yake. Nikauliza. Akanyoosha mgongo, akasema kama mtu anayesoma taarifa ya habari:

"*Estamos regular.*" Hali zetu ni hivyo hivyo. "Mkubwa ameng'olewa jino. Wa pili amehamia nyumba yenye bustani, lakini majirani ni wakali. Wa mwisho sijui."

Alikuwa amewapigia. Nami, ambaye nimeshinda mitihani na nimepokea cheti mbele ya ukumbi uliojaa, nasema sijawahi kupata jibu la swali lolote lililonifurahisha kama lile.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi nauliza, naye anajibu kwa wingi, na habari zikazidi kuwa ndefu. Mkwe amebadilisha kazi. Mjukuu anataka kupiga ngoma na hakuna mahali pa kuziweka. Halafu mwishoni, daima, sauti inashuka: "*Del pequeño no sé nada.*" Wa mwisho, sijui lolote. Nami nanyamaza, maana kwetu mtu akisema sijui humsukumi. Unarudi kesho unauliza tena.

Siku alipokuja, mimi ndiye niliyefungua mlango. Mwanamume wa makamo, kipara, amebeba mfuko wa dagaa wabichi wa baharini. Alinitazama juu hadi chini.

"Wewe ndiye unayeuliza?" akasema.

"Kuuliza nini?"

"Mama amenipigia simu. Ameniambia kuna Mwafrika nyumbani kwake anamuuliza hali zetu kila asubuhi, na amechoka kumjibu kwamba hajui yangu. Amesema, 'Njoo umwambie mwenyewe.'"

"Basi niambie," nikasema. Hilo jibu nalipenda hadi leo, kwa sababu lilinijia papo hapo na kwa sarufi safi.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye ukumbi mwembamba, amevaa lile joho la bluu, mikono imeshika mlango wa jikoni. Kijana akasema ana sukari, na mke ameondoka, na dagaa walikuwa bei nafuu sokoni. Mama akasema, "Uliwaosha?" Akasema hapana. Wakaingia jikoni wote wawili, nami nikatoka, nikatembea kwenye mvua hadi jioni nikiwa nimevaa koti la fundi wa Nyakato.

Nilikaa kwake hadi nikamaliza. Wala sikufukuzwa nchi, niseme wazi, maana kwetu mtu akirudi wanaulizana kafanya nini. Nilirudi kwa hiari, na diploma, na mpango. Siku ya kuondoka alinishika mashavu kwa mikono yake iliyonuka sabuni ya vyombo.

"*Iré, hijo*," akasema. Nitakuja, mwanangu. "Na nitawaleta wote."

Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu. Watu wa Musoma wananiona na gari la kampuni na miwani ya jua, wanadhani nataka makubwa. Nilitaka yule mama aje Mara. Nilitaka nimpeleke Mugeta nimkalishe na mama mkubwa, kiti kwa kiti, mimi katikati nikitafsiri, wale wanawake wawili walionilea, mmoja kwa ugali na mmoja kwa kimya, waulizane hali.

Kazi niliipata Bunda, kwa mwenye kampuni ndogo ya kupeleka watalii hifadhini. Alikuwa anapoteza wageni wa Kihispania kwa kampuni za Arusha. Akanipa kundi la kunijaribu, watu wa Argentina. Asubuhi ya kwanza, mbele ya gari, nikavuta pumzi nikawauliza kwa sauti ya diploma:

"*¿Habéis dormido bien?*" Mmelala vizuri?

Wakatazamana. Kisha wakaangua kicheko, wazee kwa watoto. Mama mmoja mwenye kofia pana akanishika bega akasema, "Samahani, kijana. Unaongea kama padre anayesoma misa." Kwao, na Amerika yote ya Kihispania, lile neno la ninyi nililolipigania miaka yote hawalitumii. Wanasema *ustedes*, na kitenzi kinageuka kingine: *¿durmieron bien?* Lile langu wanalisikia kwenye vitabu vya kanisa na kwenye sinema za wafalme.

Mtu mwingine angevunjika moyo. Mimi kabla ya kufika geti la hifadhi nilikuwa nimeshageuza vitenzi vyote, na jioni walikuwa hawana la kunisahihisha. Ndiyo maana nasema naongea Kihispania cha aina mbili. Mwenye kampuni aliniajiri kabla kundi halijaondoka.

Nina namna yangu ya kufanya kazi, na wengine sasa wananiiga. Viongozi wengi wa watalii wanaeleza: huyu nyumbu, ana uzito huu, anakula hiki. Mimi nauliza. Nawasimamisha watu Butiama, kwenye yale majabali yaliyobebana kama mizigo ya mhamaji, nawauliza: mnaona nini? Kwenu nani angekaa hapa? Mngelima wapi? Nikiwa mwaloni Musoma, mitumbwi inaposhusha samaki na wanawake wanaanika dagaa, nawauliza: ninyi kwenu mnakausha nini? Wanaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mke anamkumbusha mume kitu cha bibi yake, na mimi nanyamaza. Kundi likiulizwa kwa wingi linakuwa kundi. Kabla ya hapo ni watu waliopanda gari moja.

Lakini jioni narudi Kigera, nafungua kufuli mwenyewe. Niliondoka kijana, nikarudi nikakuta rika langu wana wake na watoto na kesi za mipaka ya mashamba. Mimi nina fremu. Majirani wananiheshimu sana, na heshima yao inasimama mlangoni haiingii. Asubuhi nachemsha chai, nakata mkate kwa kuukumbatia kifuani, na wakati mwingine nasema kwa sauti, jikoni kwangu, *¿cómo estáis?*, ili nisikie tu ile i bado ipo. Hapo Kihispania kinaniuma kama njaa. Nakumbuka joho la bluu. Nakumbuka hata kile kidole.

Kila Jumapili nilimpigia. Alikuwa anajibu kwa wote kama kawaida, habari zimekuwa nyingi, na "sijui" haikuwapo tena. Nilipouliza safari alisema goti. Kisha Jumapili moja alisema goti limepona, wamechagua mwezi. Binti wa Barcelona ndiye aliyepanga: watakuja wote watatu na familia zao, na mama. Nikaenda Mugeta mbio kumwambia mama mkubwa.

"Anakulaga nini huyo mgeni wako?" akauliza.

"Samaki. Mkate."

"Samaki tutaagiza Musoma, sato wakubwa. Mkate sijui." Akafikiri. "Ana ng'ombe?"

"Hana."

"Masikini," akasema, kwa huruma ya kweli.

Nikatafuta nyumba ya wageni isiyokuwa na ngazi. Nikanunua kiti chenye mto kwa ajili ya mgongo wake, kiti cha mbele ya gari nikakifunika kitambaa kipya. Nilifanya mazoezi ya tafsiri njiani, nikiendesha peke yangu, nikiuliza kwa sauti ya mama mkubwa na kujibu kwa sauti ya yule mjane.

Wiki moja kabla, simu ikaja. Si mama. Ni yule kitindamimba.

"Daktari amekataa," akasema. "Ni moyo. Safari ya ndege ndefu kama hiyo, hapana."

Nikauliza kama amelazwa.

"Nimehamia kwake," akaendelea. "Nipo kwenye chumba chako. Mimi pia siji, nabaki naye. Dada zangu wanakuja na watoto. Amesema ni lazima waje."

"Anasemaje yeye?"

"Anasema bomba la maji ya moto linavuja na mimi siwezi kulitengeneza."

Nikacheka, kwa sababu alitaka nicheke. Halafu nikatoka nje nikakitazama kile kiti cha mbele.

Niliwapokea Mwanza, mabinti wawili, waume zao, na vijana wao warefu. Walikuwa na macho ya mama yao. Sikutegemea hilo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilisahau hotuba ya kukaribisha. Tukaja Musoma, tukaenda Butiama, na kila mahali niliuliza maswali yangu, kwa lile neno la padre, ambalo kwao lilikuwa neno la nyumbani. Hawakucheka. Lilikuwa linatoka kinywani kwangu na lafudhi ya mji wao wa mvua, na binti wa kwanza alisema kwa upole, "Unaongea kama jikoni kwetu."

Mugeta mama mkubwa alikuwa amevaa kitenge kipya. Viti vilipangwa. Akawasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, kisha akakaa, akawatazama wote kwa pamoja, akauliza, nami nikafasiri.

"Hamjambo?"

Wakajibu, mmoja akidakia mwingine, sukari ya kaka, ngoma za mjukuu, bustani ya Ujerumani. Mama mkubwa akawa anaitikia kwa kila habari, eeh, eeh, kama mtu anayepokea mizigo na kuipanga.

Halafu akauliza, "Na mama yenu mmemwacha na nani?"

Nikawageukia. "*¿Y a vuestra madre, con quién la habéis dejado?*"

Mabinti wakatazamana.

"Na kaka yetu," binti wa kwanza akasema. "Wamekaa miaka mingi bila kusemeshana. Sasa anampikia."

Nikafasiri. Mama mkubwa akapiga magoti yake kwa viganja.

"Basi hamjamwacha," akasema.

Wa Ujerumani akaanza kulia, waume wakatazama ng'ombe. Ndipo kijana mmoja akatoa simu akampigia bibi yake, kwa video. Picha ikaja: dari ya jikoni, kisha paji la uso, kisha uso wote, mwembamba kuliko nilivyouacha. Mama mkubwa akachukua ile simu, akaishika kama anavyoshika kioo, akapaza sauti kana kwamba anavusha maneno mlima:

"Hamjambo huko?"

Mimi nikainama ili nifasiri. Uso ukaganda. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, kidole kimoja kimeinuliwa. Mtandao ukakata. Tukapiga tena na tena, haukushika.

Nilikuwa na swali langu mwenyewe la kuwauliza wale watu. Nililibeba toka Mwanza, likiwa limepangwa vizuri, kwa wingi, kwa sarufi safi: je, huwa ananitaja kwenu? Njia nzima ya kwenda geti la hifadhi nilikuwa nalo mdomoni. Kiongozi wa watalii haulizi hivyo. Niliwauliza wanaona nini, wakasema wanaona pundamilia.

Walipoondoka waliniachia bahshishi iliyonistahili, na wakanitangaza kwao hata mwenye kampuni akalazimika kutafuta gari la pili. Ndipo nikaamua siku ya kulipa kila aliyenikopesha, siku moja wote, kwa mchana, watu waone.

Nilianzia Nyakato. Fundi nilimpelekea jora zima la kitambaa. Hakuligusa kwanza. Akataka koti lake, akalipindua ndani nje, akapitisha ukucha kwenye mishono.

"Mshono haukuachia popote?"

"Hata mmoja."

"Alhamdulillah. Kumbe theluji siyo kitu."

Kisha Mugeta, fahali akiwa nyuma ya lori. Mama mkubwa akamzunguka, akamfungua mdomo, akamtazama meno.

"Huyu ni mkubwa kuliko wangu."

"Ni riba, mama."

"Riba ni ya benki. Huyu ni ng'ombe." Akamshika kamba.

Jioni jua likiwa bado juu nikafika Butiama na mbuzi. Baba mdogo alikuwa na wazee wenzake kwenye lile benchi, na nilifurahi kwamba walikuwapo, kwa sababu nilikuwa nimeandaa maneno. Nilimkumbusha alivyosema. Nikamwambia sentensi moja ndefu ya Kihispania, nikamwambia na maana yake, wazee wakapiga makofi. Akawatazama mbuzi, wanono, wazuri kuliko wake.

"Nilikosea," akasema kwa sauti, wote wasikie. "Kijana kaweza. Sasa hudaiwi na mtu." Akafunga kamba za mbuzi kwenye mti, taratibu, kisha akanigeukia. "Mbona umeweka uso wa mdaiwa?"

Nikamkumbuka yule wa joho la bluu, ambaye hakuna mbuzi wa kumlipa. "Ni vumbi la njiani, baba."

"Vumbi la wapi, na mvua imenyesha jana kutwa?"

Wazee wakacheka. Akasogea kwenye benchi akanipa nafasi, akapaza sauti ndani waongeze ugali.